Hati mbili za kiwanja kimoja: fleti ya bei nafuu Kupro ya Kaskazini

Swali: Mimi ni mama wa Kilifi, nafanya kazi ya uuguzi Ujerumani mwaka wa kumi na nane sasa. Mpwa wangu anasoma chuo kikuu mjini Famagusta, Kupro, upande wa Waturuki. Nilipokwenda kumtembelea, dalali alitupeleka kuona fleti zinazojengwa karibu na bahari, mahali panaitwa İskele. Bei ni nafuu kuliko Nyali, na unalipa kidogo kidogo. Nilivutiwa nikatoa arubuni ya pauni 1,000, mkataba bado sijatia saini. Kazini nina mwenzangu Mgiriki wa Kupro. Nilipomwambia alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Hicho kiwanja kina wenyewe." Dalali anasema hati ni safi na ina muhuri wa serikali. Nani mkweli? Na hawa watu wameshindwaje kumaliza ugomvi wa ardhi nusu karne nzima?

Jibu: Dada, inawezekana kabisa kwamba wote wawili wanasema kweli, na shida yenyewe ndiyo hiyo. Muhuri wa dalali upo. Na huyo "mwenyewe" wa mwenzako naye yupo, au wapo watoto wake, Limassol au London au Melbourne, na jina lao bado limo katika masjala ya ardhi ya Jamhuri ya Kupro, upande wa kusini wa mji mkuu Nicosia, ambako hakuna karani aliyewahi kulifuta. Karatasi mbili, udongo mmoja. Kila karatasi imetoka katika ofisi yenye majalada, mihuri na foleni ya watu, na kila ofisi inasema haiitambui ile nyingine.

Nianze na swali lako la pili, kwa sababu bila hilo la kwanza halijibiki.

Kupro (redioni utasikia Saiprasi) ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza mwaka 1960 ikiwa na watu wasiofika laki sita: Wagiriki kama asilimia 77, Waturuki kama asilimia 18, na makazi yao yamechanganyika kisiwa kizima kama choroko na mchele. Katiba ya kugawana madaraka, rais Mgiriki na makamu wake Mturuki, ilidumu miaka mitatu tu. Desemba 1963 damu ikamwagika. Waturuki kama 25,000 walihama vijiji vyao wakajibana katika vitongoji vyenye ulinzi, na jenerali mmoja Mwingereza akaigawa ramani ya Nicosia kwa penseli ya kijani. Mstari huo unaitwa Mstari wa Kijani hadi leo. Wagiriki wengi huanza hesabu mwaka 1974. Mturuki wa Kupro huanza 1963, na ukimnyima miaka hiyo kumi na mmoja hatakusikiliza tena.

Tarehe 15 Julai 1974 askari walioungwa mkono na utawala wa kijeshi wa Athens walimpindua Rais Makarios, wakitaka kisiwa kiunganishwe na Ugiriki. Siku tano baadaye jeshi la Uturuki likashuka pwani ya Kyrenia, kaskazini mwa kisiwa. Katikati ya Agosti likasonga tena, likaishia kushika zaidi ya theluthi moja ya kisiwa. Wagiriki kati ya 160,000 na 200,000, inategemea nani anahesabu, walikimbilia kusini, wengi na funguo za nyumba mfukoni wakidhani ni suala la wiki mbili. Waturuki kati ya 40,000 na 60,000 walikwenda kaskazini. Waliobaki kusini walihamishwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa baada ya makubaliano ya Vienna ya Agosti 1975.

Hapa nikuonyeshe kitu ambacho dalali hakukuambia. Mahali ulipopelekwa hapakuwa İskele. Ni Trikomo, mji wa Wagiriki. Jina la İskele lilikuja na Waturuki waliotoka mtaa wa bandarini mjini Larnaca, huko kusini. Mtaa wao ndio ulioitwa hivyo, wakalibeba jina wakalipandikiza walikopewa makazi. Kwa hiyo hata huyo anayeishi juu ya ardhi ya mwenzie ana nyumba yake iliyobaki ng'ambo, na pengine ndani yake anakaa mkimbizi wa Kigiriki.

Kusini, serikali haikufuta hati za Waturuki. Iliziweka chini ya ulezi: kwa sheria ya 1991, Waziri wa Mambo ya Ndani ndiye mlezi wa mali hizo mpaka mzozo uishe, na wakimbizi wa Kigiriki wakapewa wazitumie. Mwenye mali anabaki mwenye mali kwenye daftari, ila kuirudia si rahisi. Kaskazini walifuata njia nyingine. Mwaka 1983 walijitangazia jamhuri ambayo mpaka leo inatambuliwa na Uturuki peke yake, na katiba yao ya 1985, kifungu cha 159, ikasema mali yote iliyoachwa ni ya dola hiyo. Kisha ikagawiwa. Mturuki aliyeacha shamba Paphos alihesabiwa pointi kwa thamani ya alichoacha, akaitoa mali hiyo kwa utawala wa kaskazini, naye akapewa nyumba au shamba la Mgiriki lenye pointi sawa. Pointi zenyewe zikawa zinauzwa mkononi kama bidhaa. Wahamiaji walioletwa kutoka Uturuki nao wakagawiwa, ingawa hawakuwa wameacha chochote kusini.

Wewe ni wa Kilifi, huhitaji kuelezwa kwamba mtu anaweza kuzaliwa mahali, akalima, akazika wazazi wake hapo, huku karatasi ya ardhi iko kwa mtu mwingine Mombasa au Muscat. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliacha Wamijikenda wengi wakiitwa maskwota kwao wenyewe. Huko pwani yetu karatasi ilimshinda aliyekaa. Kupro ya Kaskazini aliyekaa naye alitengenezewa karatasi yake, na ndiyo maana mgogoro wao ni mgumu kuliko hata wetu.

Sasa mahakama. Mama mmoja wa Kyrenia, Titina Loizidou, alikuwa na viwanja huko, kimoja kikiwa kimeanza kujengwa fleti mwaka 1974. Aliishitaki Uturuki katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Desemba 1996 majaji walisema yeye bado ni mmiliki halali: kifungu cha 159 hakina nguvu ya kumvua mali, kwa kuwa kimetoka kwa dola isiyotambuliwa, na kwa kuwa jeshi la Uturuki ndilo linaloshika eneo, Uturuki ndiyo inayowajibika. Mwaka 1998 alipewa fidia ya pauni za Kupro 300,000 kwa kunyimwa matumizi ya ardhi yake. Uturuki ilikataa kulipa miaka mitano, ikalipa Desemba 2003. Angalia vizuri: fidia ile ilikuwa ya kutotumia. Ardhi yenyewe ilibaki yake kwa jina, na bado hakuweza kulala hapo hata usiku mmoja.

Baada ya kesi hiyo maombi ya aina yake yalimiminika. Mahakama ikaitaka Uturuki iunde chombo cha ndani cha kushughulikia madai, na mwaka 2005 ikaundwa Tume ya Mali Zisizohamishika, Nicosia ya kaskazini, yenye wajumbe wa kigeni ndani yake. Inaweza kurudisha mali, kubadilishana, au kulipa fidia. Mwaka 2010, katika kesi ya Demopoulos, mahakama ile ile ya Strasbourg ikawaambia Wagiriki: anzeni kwenye tume hiyo kwanza. Ikaongeza jambo lililowachoma wengi kusini, kwamba miaka kama thelathini na mitano imepita, watu wamezaa na kukua katika nyumba hizo, na kuamuru zirudishwe zote kungekuwa kuponya dhuluma ya zamani kwa kutengeneza mpya.

Soma hukumu hizo mbili pamoja, dada, utaona kilichotokea katikati. Sheria ya msingi haikubadilika. Kilichobadilika ni kalenda. Mwaka 1996 muda ulikuwa idadi ya miaka ya kulipwa fidia. Kufikia 2010 muda umekuwa mdai wa tatu, anakaa mezani, na kila mwaka anapata sehemu kubwa zaidi. Mimi nadhani uamuzi wa 2010 ulikuwa wa kibinadamu na wakati huohuo ulikuwa mwaliko. Ulimwambia kila mwenye zege: mimina.

Tume ilipokea maombi zaidi ya 7,000. Yaliyoishia kurudishiwa mtu nyumba yake ni machache mno. Karibu yote yanaishia kwenye fidia, inayolipwa kwa pauni za Uingereza, na inachelewa. Mwaka 2017 Strasbourg iliihukumu Uturuki kwa sababu ombi moja lilikuwa limezunguka humo takriban miaka tisa. Na huko kusini, Mgiriki anayekwenda kwenye tume hiyo kuchukua pesa anaonwa na majirani kama aliyeuza nchi, hata kama anachotaka ni ada ya mwanawe.

Wanasiasa je? Wamejaribu, na zaidi ya mara moja walikaribia kuliko watu wanavyodhani. Mpango wa Kofi Annan wa kuunganisha kisiwa ulipigiwa kura Aprili 24, 2004, pande zote mbili siku moja. Ungewarudishia Wagiriki eneo, likiwemo Varosha mjini Famagusta na Morphou, sehemu ya kaskazini ishuke hadi asilimia 29 hivi. Kwa ardhi ambayo ingebaki chini ya Waturuki, mwenyewe wa zamani kwa kawaida angerudishiwa theluthi moja, iliyobaki alipwe kwa hati za dhamana za muda mrefu. Waturuki walisema ndiyo kwa asilimia 65. Wagiriki walikataa kwa asilimia 76. Wengine walihofia askari wa Uturuki wangebaki, wengine waliona hizo hati za dhamana ni ahadi ya mfuko mtupu, na wengine walijua kuwa wiki moja baadaye, Mei 1, nchi yao inaingia Umoja wa Ulaya hata wakikataa. Nami hapo sina ubishi: ukimhakikishia mtu harusi bila mahari, usishangae akikataa kulipa mahari.

Mara ya pili ni 2017. Januari, Geneva, viongozi wawili, Anastasiades wa Wagiriki na Akıncı wa Waturuki, walikabidhi ramani zao. Ya Wagiriki iliwaachia Waturuki asilimia 28.2 ya kisiwa. Ya Waturuki ilidai 29.2. Tofauti ya asilimia moja! Kupro ina kilomita za mraba 9,251, kwa hiyo ugomvi wa ramani ulikuwa umebaki kwenye kilomita za mraba kama tisini. Lakini humo ndimo ilimokuwa Morphou, bonde la michungwa, na watu waliokwisha kuhamishwa mara moja au mbili maishani mwao ndio ambao wangeambiwa wafunge mizigo tena. Julai mwaka ule mazungumzo ya Crans-Montana, Uswisi, yalivunjika alfajiri, hasa juu ya haki ya Uturuki kuingilia kati kama mdhamini wa kisiwa, na juu ya wanajeshi wake.

Ramani ni nusu ya suala. Nusu nyingine ni swali fupi ambalo wajumbe wamelizunguka tangu zamani: nani achague kwanza? Mgiriki anasema mwenye hati ya awali ndiye aseme: nataka nyumba yangu, au nataka fidia, au nataka badala yake. Mturuki anasema anayeishi humo ndiye aulizwe, maana yeye ndiye atakayelala nje. Mwaka 2015 walikubaliana kwa maneno kwamba wote wawili wana haki, na kwamba tume itaamua kwa vigezo. Vigezo vyenyewe havikukamilika. Na juu yake lipo deni ambalo hakuna aliyesema atalilipa nani, maana ukizidisha viwanja vyote kwa bei za leo za ufukweni, unapata fedha ambazo kisiwa hakina.

Kuna upande mmoja msomaji wa pwani atauelewa haraka kuliko Mzungu yeyote. Varosha, mtaa wa hoteli za Famagusta uliozungushiwa seng'enge tangu 1974 na kufunguliwa sehemu Oktoba 2020, unadaiwa na Evkaf, taasisi ya wakfu ya Waturuki wa Kupro. Wanasema ni wakfu wa enzi za Waosmani, na Waingereza waliutoa kwa watu binafsi kinyume cha sheria. Mahakama ya kaskazini iliwakubalia mwaka 2005. Kwetu inajulikana, mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Lakini Wagiriki wana hati za Varosha zilizosajiliwa katika masjala ya wakati wa Waingereza, na Baraza la Usalama, kwa azimio namba 550 la 1984, lilisema si halali kuwakalisha humo watu wasiokuwa wenyeji wake. Kwa hiyo hata mpaka wa "zamani" una zamani zake.

Turudi kwenye fleti yako.

Kwa Mgiriki aliyeandikwa kwenye daftari la kusini, mnunuzi wa fleti hiyo anaweza kuwa mvamizi wa mali, na anaweza kushitakiwa Nicosia. Hukumu ikitoka, inasafiri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanandoa Waingereza, akina Orams, walinunua kiwanja Lapithos na kujenga nyumba yenye bwawa. Vizuizi vilipofunguliwa Aprili 2003, mwenye ardhi, Meletis Apostolides, alivuka akaiona. Mahakama ya Nicosia iliamuru wabomoe, waondoke, walipe. Nyumba hawakuweza kuwabomolea, kwa kuwa polisi wa kusini hawafiki huko. Lakini Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2009 kwamba hukumu hiyo itambuliwe katika nchi nyingine za Umoja, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Uingereza ikaitambua. Mali yao ya Uingereza ikawa hatarini kwa sababu ya nyumba ya Kupro. Uingereza imetoka katika Umoja huo. Wewe uko Ujerumani, ambayo imo. Mshahara wako na akaunti yako viko mahali ambapo hukumu ya Nicosia inaweza kubisha hodi.

Hiyo ni madai. Jinai ni mbaya zaidi. Tangu 2006 sheria ya Jamhuri ya Kupro inaadhibu kwa kifungo cha hadi miaka 7 anayeuza, kupangisha, kutangaza au kununua mali ya mtu mwingine bila idhini yake, akijua. Kwa miaka mingi sheria hiyo ililala. Imeamka. Mwaka 2025 Wahungari wawili walihukumiwa kifungo kwa kuuza fleti za kaskazini, na mwekezaji mmoja mkubwa akapewa miaka 5. Ukishanunua, usafiri wako kupitia Larnaca unakuwa na maswali, na hutaweza kusema hukujua, kwa sababu mwenzako amekuambia na sasa nami nimekuambia.

Dalali anaposema "hati safi", mwulize ni hati ya aina gani. Kaskazini wenyewe wanazitofautisha, na bei zinatofautiana. Ipo hati ya kabla ya 1974, ya kiwanja kilichokuwa cha Mturuki au cha mgeni tangu mwanzo. Hiyo ndiyo inayokubalika zaidi pande zote. Ipo eşdeğer, ile ya pointi, ardhi ya Mgiriki iliyotolewa badala ya ya kusini. Na ipo tahsis, ya mgao, ardhi ya Mgiriki aliyopewa mhamiaji au mpiganaji. Mwambie akuonyeshe historia yote ya kiwanja mpaka jina la aliyekuwa nacho kabla ya Julai 1974, na kama ni Mgiriki, akuonyeshe uamuzi wa Tume unaothibitisha kuwa huyo amelipwa. Wengi watakuambia hiyo haihitajiki. Jibu hilo tayari linakuambia ni hati ya aina gani.

Hata ikiwa ni hati ya kabla ya 1974, mgeni anahitaji kibali cha baraza la mawaziri la kaskazini kusajiliwa, na kabla ya hapo unachoshika mkononi ni mkataba. Wapo wageni waliomaliza kulipa ndipo wakagundua mjenzi aliiweka ardhi rehani benki. Kesi hiyo utaifungua huko, kwa Kituruki, na ubalozi wako hautakuwa na ofisi ya kubishia hodi.

Kuhusu mpwa wako, asome kwa amani, ni wengi kutoka kwetu wanaosoma huko. Kama anataka kuhama bweni kwenda nyumba ya kupanga, aulize kwanza nyumba hiyo ilikuwa ya nani. Wazee wa Kituruki wa mtaani hawafichi. Mara nyingi wanajua hata jina la mama aliyepanda mlimau uani.

Arubuni yako idai kwa barua leo, kabla ya saini yoyote. Usitie sababu nyingi, andika tu kwamba umeahirisha. Akikurudishia, vizuri. Asiporudisha, usimfuate kwa kuongeza nyingine ili "usipoteze ile ya kwanza", maana hivyo ndivyo wengi walivyofikia malipo ya mwisho. Na huyo mwenzako wa kazini, mwulize siku moja mkiwa zamu ya usiku kwao ni kijiji gani. Pengine ndipo utajua kwa nini alinyamaza kwanza.